Chuja Yangu na Chuja Yake

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliolewa Embu kwa sababu ya kompyuta. Nimekana mbele ya dada zangu, nimekana mbele ya kamati ya harusi, na juzi tu nilikana mbele ya binti yangu, ambaye alikuwa amelisikia jambo hilo kwa baba yake na akataka kuhakikisha kabla ya kuwasimulia marafiki. Nilimwambia kwamba tulipendana kama watu wote. Hilo ni kweli, lakini halijibu swali. Watu wengi hupendana na bado kila mmoja akabaki kwao. Kilichonitoa mimi Meru ni mstari mmoja wa maandishi, ndani ya mashine yenye rangi ya maziwa yaliyokaa, katika ofisi iliyokuwa nyuma ya duka la mbegu mjini Embu. Sasa nimesema. Anayemjua binti yangu, tafadhali asimwonyeshe ukurasa huu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosiolojia, ambayo mama yangu kule Kiirua aliwaeleza majirani kuwa ni aina ya udaktari usiotumia sindano. Nilipata kazi katika mradi wa kilimo uliokuwa na ofisi mbili, moja Meru na nyingine Embu. Tulifuatilia wakulima: nani amepanda nini, amevuna kiasi gani, anahitaji mbegu gani msimu ujao. Upande wetu walikuwa watu wa ndizi na mifereji kule Mitunguu. Upande wa Embu walikuwa watu wa ndengu, mtama na mbuzi, huko chini Kiritiri, ambako mvua huja ikitaka. Kila ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na kila kompyuta ilikuwa na mtu mmoja aliyeruhusiwa kuigusa. Meru nilikuwa mimi. Embu alikuwa yeye, huyo baba wa binti yangu.

Tulikuwa tumekutana kwenye semina ambapo tulifundishwa kuandika programu ndogo ndogo. Vijana wa leo hawazijui. Hazikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Mbele yako kulikuwa na skrini nyeusi tu. Unaandika jina la programu, unabonyeza, inafanya kazi yake moja, inanyamaza. Moja ilipanga majina kwa alfabeti. Nyingine ilihesabu mistari. Nyingine iliunganisha orodha mbili kuwa moja. Nilizipenda kama watu wengine wanavyopenda visu vya jikoni, na kama wao, niliendelea kuongeza nyingine hata nilipokuwa na za kutosha. Nilizibeba kwenye disketi, na disketi kwenye mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi.

Zoezi la mwisho la semina lilikuwa kuandika programu ya kusafisha orodha za wakulima, na kwa kuwa mwalimu aliandika jina CHUJA ubaoni, sote tuliita yetu hivyo hivyo. Mimi nikawa na Chuja, naye akawa na Chuja. Zilifanana kwa jina tu. Yake ilikuwa ya haraka ajabu. Ikikuta mkulima ambaye kiasi cha mavuno yake hakikuandikwa, iliutupa mstari wote na kusonga mbele. Yangu ilikuwa ya polepole. Ikikuta mstari kama huo, ilisimama na kuuliza: “Huyu hana mavuno. Umemuuliza?” Haikuendelea mpaka umejibu.

“Mstari usio na namba si mstari,” aliniambia siku ile ya semina.

“Lakini mkulima asiye na namba bado ni mkulima,” nikamjibu.

Alicheka. Mwanamume anayecheka anaposhindwa ni wa kuangaliwa mara mbili, na mimi nikaangalia.

Basi kwa muda mrefu tulikuwa watu wa disketi na simu za ofisini, yeye Embu, mimi Meru. Kisha siku moja ya ngurumo umeme ukapotea Meru, ukarudi kwa hasira, na kutoka kwa mashine yangu ukapanda moshi mwembamba wenye harufu ya viatu vipya. Ikafa hapo hapo. Mkubwa wetu akaamua kwamba hakuna haja ya kununua nyingine. Kazi yote ya orodha ingefanywa Embu. Mimi ningeweza kuhamia huko, au kubaki Meru na kuzunguka mashambani Mitunguu kama wenzangu. Nipeleke programu zangu kwanza, akasema, halafu niamue.

Wiki ile ile, yule wa Embu aliyekuja kuchukua faili zilizosalia alininunulia chai na chapati katika hoteli karibu na soko, akazungusha kikombe chake mara nyingi kuliko inavyohitajika, akasema, “Ukihama na kazi, si uhame kabisa?”

Nilielewa. Nilimwambia nitafikiria, na sikuwa namringia. Nilikuwa na marafiki wenye shahada kama yangu walioolewa na kuzama katika nyumba za watu kama kijiko kilichoangukia kwenye sufuria ya uji; unajua kimo ndani, lakini hukioni. Wote waliambiwa kwamba nafasi ipo. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu kabla ya kuondoka kwetu: kama Embu kulikuwa na mahali pangu, au kulikuwa na nafasi tu. Na sikujua swali kama hilo huulizwaje mtu bila kumtukana.

Nilifika Embu Ijumaa asubuhi na mkebe wangu wa biskuti. Yeye alikuwa ametoka kwenda mashambani, ameniachia ufunguo wa ofisi kwa mwenye duka la mbegu. Nikakaa mbele ya mashine yake. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya sebuleni.

Sasa nieleze kidogo, kwa maana jambo lote liko hapa. Programu ndogo zikiwa nyingi, kazi si kuzipata, ni kuamua zikae wapi. Mashine ilikuwa na chumba, yaani folda, cha wenyewe waliotengeneza mfumo, kilichoitwa DOS, chenye programu zao. Yeye alikuwa amejitengenezea chumba kingine akakiita ZANA, akaweka programu zake humo. Na kulikuwa na mstari mmoja ambao mashine iliusoma kila ilipowashwa. Sisi tuliuita mstari wa njia. Uliiambia: mtu akitaja programu usiyoiona hapo ulipo, katafute kwanza chumba hiki, usipoipata nenda kile, kisha kile. Mashine hufuata utaratibu huo bila kupinda. Kama kuna programu mbili za jina moja, itakayoitika ni ile iliyo katika chumba cha kwanza. Ya pili itakaa huko milele bila kuitwa.

Mstari wake ulianza na DOS, ukafuata ZANA. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Mimi nikachukua njia fupi. Nikazimimina zangu zote ndani ya DOS. Hapo sikuhitaji kubadilisha chochote. Njia ilikuwa imeshafika. Tena, kusema kweli, ilinipendeza kwamba zangu zingeitwa mbele ya zake. Nikafunika mashine na kitambaa chake, nikaenda kununua ndizi.

Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliketi, akaweka orodha ya Kiritiri, akaandika CHUJA. Nilikuwa dirishani, namenya ndizi.

“Haiya,” akasema. “Imesimama.”

“Imesimama wapi?”

“Ati inaniuliza kama nimemuuliza mtu.” Akainama karibu na skrini. “Chuja yangu haiongei.”

“Yangu inaongea.”

Akageuka taratibu. “Umeiweka wapi, Profesa?”

Aliniita hivyo alipotaka kunikumbusha kwamba shahada yangu haikuwa ya kompyuta.

“DOS.”

“Zote?”

“Zote.”

Alijipangusa uso kwa leso, vumbi likahama tu. “Wewe, hicho ni chumba cha watu. Siku nikiletewa mfumo mpya, watafagia humo ndani. Nitajuaje kipi ni chako na kipi ni chao?”

“Mimi nazijua zangu.”

“Zitoe basi, nione.”

Nilizitoa moja baada ya nyingine, kwa madaha. Nilipomaliza, alijaribu kusoma faili ndefu ukurasa kwa ukurasa na mashine ikamwambia haijui hiyo programu ni nini. Nilikuwa nimefuta moja ya wenyewe. Tuliitafuta kwenye disketi za mwanzo tukairudisha. Yeye, kwa heshima ambayo siwezi kuisahau, alipiga mluzi tu, wimbo wa kanisani, ubeti wote.

Kwa hiyo DOS ilikataliwa, na kwa haki. Nikasema basi kila programu ikae pamoja na kazi yake: zile za ndizi kwenye faili za Mitunguu, zile za mbuzi kwenye faili za Kiritiri.

“Na Chuja, inayofanya kazi kote?”

“Nakala mbili.”

“Ukirekebisha moja utakumbuka kurekebisha nyingine?”

Alinijua vizuri.

“Kila moja na chumba chake?” nikasema.

“Mstari wa njia una mwisho. Ukiurefusha sana mashine inakata mkia, na usishangae wewe ndiye mkia.” Akavuta kiti chake karibu na changu. “Tusisumbuane. Ziweke zote ZANA, pamoja na zangu. Nafasi ipo tele.”

Alisema hivyo hivyo. Nafasi ipo tele. Hakuona nilivyoacha kumenya ndizi.

“Na Chuja?” nikauliza. “Haziwezi kuwa mbili ndani ya chumba kimoja. Ikiingia ya pili, ya kwanza inafutika.” Na mashine za wakati ule hazikuwa na adabu ya kuuliza. Kilichokuja juu kilimeza kilichokuwa chini, basi.

“Tubadilishe jina la moja.”

“La ipi?”

Alifikiria kwa uaminifu kabisa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha akasema, “Si yako ndiyo imekuja?”

Alinipeleka kwao Jumamosi. Nyumbani kwao ni mbele kidogo ya Kiritiri, mahali ambapo nyasi hukatika chini ya kiatu kama biskuti. Baba yake alikuwa amefariki zamani. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, mwenye mbuzi waliomtii kuliko wanafunzi wanavyomtii mwalimu. Alinipokea vizuri. Alinikalisha jikoni kwake, si sebuleni na wageni, na kwetu na kwao hiyo si heshima ndogo. Tulipika ndengu na uji, akinipa kazi za kukata na kuchambua. Majirani walikuwa wamealikwa waje kuniangalia, ingawa walisema wamekuja kusalimu.

Alipotoka kwenda kufunga mbuzi, nilibaki na vyombo. Nikaviosha. Hilo ni jema. Nikavipangusa. Hilo pia halina ubaya. Kisha nikatazama jiko lile nikaona kwamba vitu vyake vilikuwa kila mahali: mwiko umechomekwa ukutani, kibuyu kiko nyuma ya mlango, chujio la chai limening'inizwa msumarini karibu na dirisha, kata ya uji iko juu ya uchaga, kwenye moshi. Na mimi, mtoto wa Meru niliyelelewa na mama mwenye jiko kama hilo, niliyeambiwa tangu nikiwa mdogo kwamba moto wa mwanamke hauguswi na mwanamke mwingine, nilisahau yote. Miaka ya bweni na ya chuo ilikuwa imenifundisha rafu. Nikachukua kila kitu nikakipanga juu ya rafu moja, kikubwa hadi kidogo, kama maktaba. Nilirudi nyuma kidogo nikavitazama. Nilijivunia.

Wageni walipokaa, mama akaingia kuchukua kata ili agawe uji. Akanyoosha mkono kwenye uchaga bila kutazama, jinsi mtu anavyonyoosha mkono kwenye mfuko wake mwenyewe. Mkono ukarudi mtupu. Akanyoosha tena. Kisha akageuka nyuma ya mlango. Kibuyu hakikuwepo. Akasimama katikati ya jiko lake kama mgeni aliyepotea njia.

“Hapa niko kwa nani?” akauliza.

Jirani mmoja akachungulia, akaiona rafu, akaziba mdomo kwa leso. Mwingine akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika lakini anataka, “Huyu wa Meru amehama tayari!” Kicheko kikaenda mpaka kwa mbuzi.

Mama hakucheka na hakukasirika. Alichukua kata kutoka rafuni, akairudisha kwenye uchaga, kisha akaichukua tena kutoka kwenye uchaga, kana kwamba uji hauwezi kugawiwa na kata iliyotoka mahali pengine. Alipomaliza kugawa akaja kando yangu, akaniambia polepole kwa Kiswahili, ili nisipotewe na neno la Kimbeere, lugha yao:

“Mwana wakwa, mwanangu, huu ni moto wangu. Ukija, utakuwa na wako.”

Mwanawe alikuwa mlangoni na bakuli lake. Alisikia. Mimi nilitia moyoni nusu ya kwanza tu. Niliona aibu mpaka masikioni, na kwa akili yangu nilikuwa nimepewa jibu mara mbili kwa siku mbili: kwa mwana, mimi ndimi niliyekuja, kwa mama, usiguse.

Jumapili baada ya ibada mwanawe alinisindikiza. Nilimpa mkebe wa biskuti.

“Programu zangu nakuachia,” nikamwambia. “Amua wewe zitakaa wapi. Ukishaamua, unipigie simu ofisini.”

“Kwani si tuamue pamoja?”

“Mashine ni yako.”

Alinitazama sana. Sikumwambia kwamba jibu lake kuhusu Chuja nitalichukua kuwa jibu la lile swali la chai na chapati. Sikumwambia kwamba akinibadilisha jina, nitabaki Meru na ndizi zangu. Lakini yeye si mjinga. Aliushika ule mkebe kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshika mtoto wa mwenzao.

Nilipitia Kiirua kulala kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mboga, nikamweleza yote, nikianza na jiko, nikitegemea kuhurumiwa.

“Ulipanga vyombo vya mwenyewe?” akauliza.

“Nilikuwa nasaidia.”

“Kwenye rafu?”

“Kikubwa hadi kidogo.”

Mama aliweka mboga chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi kwa ncha ya leso, akajaribu kusema, akacheka tena. “Na hakukufukuza na huo mwiko?”

“Alisema huo ni moto wake.”

“Ehe. Halafu?”

“Halafu akasema nikija nitakuwa na wangu.”

Mama aliacha kucheka. Alinitazama kama anavyotazama unga ambao umepepetwa na bado una mawe. “Mimi nilikaa kwa mama ya baba yako, namsongea ugali kwenye moto wake, nikingoja aseme hayo maneno. Alichelewa mpaka dada yako mkubwa akaanza kutembea. Wewe umeambiwa siku ya kwanza, hata wazee hawajaenda kuposa, na bado unanung'unika?”

“Lakini yeye alisema nafasi ipo tele.”

“Nani, mama yake?”

“Yeye mwenyewe. Kwenye kompyuta.”

“Hayo ya kompyuta,” akasema, akizirudia mboga zake, “mngoje aseme mwenyewe.”

Nikangoja. Ofisi yetu Meru ilikuwa na simu moja, yenye kufuli dogo kwenye mahali pa kuzungushia namba, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkubwa. Ungeweza kupigiwa, hungeweza kupiga. Ilikaa juu ya meza ya sekretari wetu, mama wa makamo aliyesikiliza mazungumzo ya wote kama taarifa ya habari, na ambaye kwa hiyo alijua mambo yangu kuliko kasisi. Kila ilipolia alinitazama kwanza kabla ya kuinua. Jumatatu ilikuwa ya mwenye duka la dawa za mifugo. Jumanne ilikuwa kimya. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mzima mwenye shahada, ninayengoja kuambiwa faili ziko wapi. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na sikuondoka mjini kwenda Mitunguu ingawa zamu ilikuwa yangu.

Jumatano kabla ya saa ya chai ikalia. Sekretari akainua, akasikiliza, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwangu bila kuuliza ni nani.

“Profesa,” akasema yule wa Embu. Laini ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga mahindi kati ya miji yetu miwili. “Ile programu yako itaniua.”

“Imefanya nini?”

“Imeniuliza kuhusu mama mmoja wa huko chini Kiritiri. Hana mavuno. Umemuuliza? Nikabonyeza ndiyo ili inyamaze. Halafu nikashindwa kula. Jana nimeenda kumuuliza.”

“Kweli?”

“Kweli. Ana ndengu nzuri ajabu. Aliyeandika orodha hakufika kwake, alichoka njiani. Msimu uliopita pia, nimeangalia. Mimi ndiye niliyemtupa. Hakupewa mbegu.” Nilisikia mlango wa duka ukifunguliwa upande wake. “Sasa nilikuwa nakupigia juu ya mahali pa kuweka.”

“Umeziweka ZANA?”

“Hapana. Nimekutengenezea chumba.”

“Unakiitaje?”

“MOTO.”

Sekretari alikuwa ameacha kuchapa. Nilimgeuzia mgongo, jambo ambalo halikusaidia.

“Na mstari wa njia?” nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo. “Umeuandikaje?”

“Nikusomee?”

“Nisomee.”

Akakohoa, kama anayesimama kusoma somo kanisani. “MOTO. Halafu ZANA. Halafu DOS.”

Hakuna aliyekuwa ameweka DOS mwisho. Hatukufundishwa hivyo.

“Na Chuja yako?”

“Iko ZANA, na jina lake. Sijambadilisha mtu jina. Lakini mtu yeyote wa ofisi hii akiandika CHUJA, itakayoitika ni yako. Nimewaambia wawe na subira, inauliza maswali.”

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na kalenda ya mbolea, mwezi ulikuwa umepita na hakuna aliyeigeuza.

“Nani wa kwanza?” nikasema.

“Si nimekusomea?”

“Laini inakwaruza. Soma tena.”

Alicheka, kicheko kile cha semina. “Siwezi kusoma mstari mmoja siku nzima, simu ni ya mradi. Si uje usome mwenyewe?”

“Mwambie unakuja,” akasema sekretari nyuma yangu, “kuna wengine wanangoja simu.”

Nikamwambia nakuja.